Bastola kwa mashoto: Glock 19 Gen5, VP9, Beretta 92FS na revolva zikipimwa kwa mkono wa kushoto

Maneno "inafaa mikono yote miwili" kwenye boksi la bastola yanaweza kuwa na maana tatu. Huenda kitufe au wenzo uko pande zote mbili kwa pamoja. Huenda unahamishika: ukiutoa kushoto unauweka kulia, na kule ulikotoka kunabaki tupu. Au ni sehemu moja tu iliyofanywa hivyo, na zilizobaki zimeachwa kwa mtu wa mkono wa kuume. Mashoto asinunue kwa neno hilo. Aulizie kimoja kimoja: kitufe cha kutoa magazini (kasha la risasi linaloingia mpinini), wenzo wa kuzuia slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila risasi inapotoka), wenzo wa usalama kama upo, na mpini.

Wengi huanza kwa kuuliza maganda yatarukia wapi. Kwenye bunduki ndefu hilo ni swali zito; kwenye bastola iliyonyooshwa mbele ya mwili halina uzito. Karibu zote hutupa ganda kulia, na ganda likirudi usoni sababu huwa mshiko legevu, risasi dhaifu au kingoeo (kidude kinachong'oa ganda) kilichochakaa. Miwani ya kinga inavaliwa vyovyote iwavyo.

Tuanze na Glock 19 Gen5, ya milimita 9, magazini ya risasi 15, iliyoingia sokoni 2017. Haina wenzo wa usalama wa nje, kwa hiyo tatizo moja la mashoto limeondoka lenyewe. Tofauti na Gen4, yaani kizazi kilichotangulia, wenzo wa slaidi uko pande zote mbili. Kitufe cha magazini kinahamishika, na kazi hiyo ni ya dakika chache. Toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, kwa macho kisha ipapase kwa kidole. Chungulia ndani ya tundu la magazini: upande wa mbele kuna waya mwembamba uliosimama wima, ncha yake imekaa kwenye mfuo wa kitufe. Usukume pembeni kwa bisibisi bapa nyembamba mpaka uachie mfuo, na kitufe kitachomoka ubavuni. Kigeuze, kiingize kutoka kulia, rudisha waya kwenye mfuo. Ukiusukuma waya kwa nguvu utapinda, kitufe kitalegea na magazini itadondoka wakati wa kufyatua. Usipoingia vizuri kwenye mfuo, kitufe hakirudi kikibonyezwa. Jaribu kwa magazini tupu kwanza: ipige mpaka ikamate, kisha ivute chini kwa nguvu. Magazini za vizazi vitatu vya mwanzo vya Glock zina pengo upande mmoja tu, na kitufe kilichogeuzwa hakizishiki.

Je, kigeuzwe? Kwa mazoezi ya shabaha peke yake, hapana. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hulala ubavu wa kushoto wa bastola, jirani kabisa na kitufe. Kikitoka kwenye kifyatulio kinakibonyeza bila mshiko kubadilika, jambo ambalo wengi wa mkono wa kuume hawaliwezi. Lakini kwa anayevaa bastola kiunoni, kigeuzwe. Kwenye nyonga ya kushoto, ubavu wa kushoto wa bastola unatazama nje. Mkono wa kiti au mkanda wa gari ukikigusa kitufe, magazini inashuka nusu bila mtu kujua: risasi ya chembani itatoka, ya pili haitapanda. Ala inayofunika kitufe chote husaidia pia, na lazima iwe imetengenezwa kwa mkono wa kushoto. Ala ya mkono wa kuume iliyogeuzwa huacha kitufe wazi na huweka mpini vibaya.

Kasoro ya Glock hii kwa mashoto inatokana na uzuri wake. Ukishika kwa kushoto, vidole gumba vyote viwili vinakaa ubavu wa kulia, na hapo ndipo wenzo wa pili wa slaidi ulipo. Gumba likiulalia, slaidi haibaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, na mlengaji anavuta kifyatulio kwenye chemba tupu. Teremsha magumba, yaelekeze mbele sambamba na fremu. Gumba la kulia lisivuke kamwe nyuma ya slaidi, litachanwa.

HK (Heckler & Koch) VP9 ya mwaka 2014, ambayo Ulaya inauzwa kama SFP9, naiweka juu ya Glock kwa anayeanza. Magazini inatolewa kwa wenzo ulio chini ya kingio la kifyatulio, pande zote mbili, unaobonyezwa kuelekea chini. Hakuna cha kugeuza. Mpini una mabamba ya ubavuni yanayobadilishwa kila upande peke yake, hivyo kiganja cha kushoto kinajazwa kinavyotaka. Anayetoka kwenye bastola za kitufe atapapasa siku za mwanzo.

Beretta 92FS inawapendelea mashoto nusu. Wenzo wa usalama uko pande zote mbili na kitufe cha magazini kinahamishika, lakini wenzo wa slaidi uko kushoto tu. Basi mashoto huvuta slaidi kwa kuikamata kutoka juu, na wenzo wa usalama uko juu ya slaidi hiyohiyo: kiganja kikiushusha, kifyatulio kinakuwa mfu. Bonyeza wenzo wa slaidi kwa kidole cha shahada, au vuta slaidi kwa ncha za vidole bila kuugusa wenzo wa usalama.

Bastola za mtindo wa 1911 (Colt M1911 na nakala zake) zenye wenzo wa usalama kushoto pekee ziachwe mpaka fundi aweke wa pande mbili. Kiungo kinachounganisha nusu hizo mbili hulegea. Kikaguliwe kila usafi.

Revolva, bastola ambayo risasi zake hukaa kwenye silinda inayozunguka, hufungua silinda hiyo kushoto, ila si adui. Latchi (kitasa cha kufungulia silinda) ya Smith & Wesson husukumwa mbele, ya Colt huvutwa nyuma, ya Ruger hubonyezwa ndani, na hii ya mwisho ndiyo rahisi kwa kidole cha shahada cha kushoto. Ukishaifungua, mkono wa kulia unashika fremu, vidole viwili vya kati vinasukuma silinda itoke; mtutu juu, kiganja cha kushoto kinapiga fimbo ya kutoa maganda; mtutu chini, mkono wa kushoto, ule mwepesi, unapakia. Asiyetaka kujifunza hatua hizo atafute Charter Arms Southpaw, .38 Special ya risasi 5, ambayo silinda yake hufungukia kulia.