Uzoefu wangu na reportbug: kuripoti hitilafu kwa Debian mpaka ishughulikiwe

Programu ikigoma kwenye Debian, mfumo endeshi huria wa familia ya Linux, hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kupiga. Kuna mfumo mmoja wa kupokea hitilafu, bugs.debian.org, na programu ndogo ya kuufikia iitwayo reportbug. Naitumia kazini na naipendekeza kwa moyo wote, ila asiyejua kanuni zake ataona kama hajibiwi. Kila kitu kinakwenda kwa barua pepe. Tovuti ni ya kusomea tu, hakuna akaunti wala nywila.

Kabla ya kuifungua, tambua kifurushi (programu kama Debian wanavyoifungasha) chenye kosa, kwa sababu ripoti inakwenda kwa mtunzaji, yaani anayekisimamia kifurushi hicho ndani ya Debian. Amri ya dpkg -S ikifuatiwa na njia kamili ya faili inakutajia kifurushi, na apt policy inakupa toleo. Kisha lirudie tatizo ukiweka LC_ALL=C mbele ya amri, ili ujumbe wa kosa utoke kwa Kiingereza hata kama kompyuta yako umeiweka kwa Kiswahili. Mtunzaji anatafuta maneno yaleyale ndani ya msimbo. Ukimtafsiria, umemficha njia. Kama unatumia Ubuntu au Linux Mint, ripoti huko kwao: vifurushi vyao vinaweza kuwa vimebadilishwa, na Debian hawawezi kuvijibia.

Ukiandika reportbug na jina la kifurushi, inakuletea kwanza hitilafu zilizokwisharipotiwa. Zisome. Ukiikuta yako, ongeza maelezo kwenye namba hiyo badala ya kufungua nyingine. Usipoikuta, inakuuliza kichwa cha habari na uzito, halafu inafungua kihariri chenye maswali: nini kilitangulia, ulifanya nini hasa, kikatokea nini, ulitarajia nini. Swali la mwisho ndilo wengi huliruka, na ndilo linalomwonyesha mtunzaji kama hilo ni kosa au programu imekusudiwa hivyo. Chini yake reportbug inajaza yenyewe toleo la kernel (kiini cha mfumo), lugha ya mfumo na vifurushi tegemezi. Usiyafute hayo.

Hapa pana hatari moja. Ikiwa ulibadilisha faili za mipangilio za kifurushi, reportbug inaweza kuziambatanisha. Pitia kila mstari kabla ya kutuma, maana nywila ya hifadhidata inaweza kuwa humo, na ripoti yote, pamoja na anwani yako ya barua pepe, inabaki wazi kwa dunia nzima. Mimi nashauri anwani ya pembeni kwa kazi hii, barua taka huja.

Uzito ndio sehemu inayoleta msuguano mwingi. Viwango viko saba: critical, grave, serious, important, normal, minor na wishlist. Vitatu vya kwanza ni vya kuzuia toleo jipya lisitoke, na kifurushi chenye hitilafu ya namna hiyo kinaweza kuondolewa kwenye testing, tawi linaloandaliwa kuwa toleo lijalo, kisiposhughulikiwa. Critical ni kwa kitu kinachoharibu programu nyingine zisizohusika, kinachoangusha mfumo mzima au kupoteza data vibaya. Grave ni pale kifurushi chenyewe kinapokuwa hakitumiki kabisa au karibu kabisa. Printa yako kugoma siku ya mtihani ni dhiki ya kweli, lakini ikiwa wengine wanachapisha vizuri, hiyo ni important au normal. Kinachopimwa ni hali ya kifurushi, haraka yako haihesabiki. Ombi la kipengele kipya ni wishlist. Kosa la tafsiri ya Kiswahili lina lebo yake, l10n, na natamani tuitumie zaidi.

Baada ya kutuma utapata namba. Ikija lebo ya moreinfo, mpira uko kwako: usipojibu, hitilafu itafungwa. Upstream maana yake kosa limetoka kwa waandishi wa asili wa programu, pending, dawa imepatikana na iko njiani, wontfix, hawatairekebisha.

Sasa jambo ambalo halionekani kwa macho. Barua iliyoandikwa kwa namba@bugs.debian.org inamfikia mtunzaji na kuhifadhiwa, lakini haimfikii moja kwa moja aliyeripoti. Mtu anaweza kukuuliza swali hapo usilione. Kwa hiyo fungua ukurasa wa namba yako mara kwa mara, na wewe ukimuuliza aliyeripoti hitilafu nyingine, ongeza namba-submitter@bugs.debian.org. Kubadilisha lebo au uzito kunafanywa kupitia control@bugs.debian.org, amri moja kila mstari, kwa mfano:

tags NAMBA - moreinfo
thanks

Neno thanks linaukomesha mfumo usiendelee kusoma. Bila hilo, mfumo utaanza kuichukua sahihi yako ya chini kama amri na kukurudishia malalamiko.

Kingine kinachowakasirisha watu: hitilafu imefungwa, lakini kwenye kompyuta yao bado ipo. Mara nyingi imerekebishwa kwenye unstable, tawi ambako vifurushi vipya hufika kwanza. Stable, yaani toleo rasmi, hupokea marekebisho ya makosa mazito tu, kwa hiyo angalia ukurasa umeandika toleo gani, kisha tazama kama liko kwenye backports, hazina ya matoleo mapya yaliyotengenezwa upya kwa ajili ya stable. Hitilafu iliyofungwa ikikaa siku 28 bila shughuli huwekwa kwenye kumbukumbu. Ukitaka kuifufua, tuma unarchive kwanza, ndipo reopen.

Udhaifu wake ni huu: Kiingereza kitupu, na kasi inategemea watu wa kujitolea. Lakini kwa mwenye bando dogo hakuna kilicho chepesi zaidi. Tumia reportbug -o ripoti.txt kuihifadhi bila kutuma, kisha ukipata mtandao ibandike kwenye barua ya maandishi matupu kwenda submit@bugs.debian.org. Mistari ya juu kabisa iwe Package: na Version:, bila salamu kabla yake.