Rangi ya Giemsa kwa watafiti wa vimelea vya ng'ombe na panya: tathmini ya mtumiaji

Chupa ninayoitathmini hapa ni ya rangi ya Giemsa, inayotiwa kwenye slaidi za damu ili vimelea vionekane kwa hadubini. Ni ya aina iliyo tayari, yaani ile inayouzwa ikiwa majimaji ya buluu iliyokolea katika kioo cheusi kisichopitisha mwanga, wala si ile ya unga ambayo mtumiaji huichanganya mwenyewe kwa methanoli na gliseroli. Nimeitumia kwa kazi mbili zinazofanana kwa nje lakini zenye masharti tofauti: kutafuta vimelea vya seli moja katika damu ya ng'ombe, na kufuatilia vimelea vya koo hizohizo katika damu ya panya, wawe wa porini au wa maabara. Sijapata bado kitu kingine kinachomwonyesha mtafiti mambo mengi kiasi hiki kwa vifaa vichache namna hii. Hata hivyo, anayeinunua na ajue mapema kwamba nusu ya ubora wake haimo chupani, bali imo katika maji ya kuizimulia.

Rangi hii ina jina la Gustav Giemsa, mkemia Mjerumani aliyefanya kazi Hamburg na ambaye mwaka 1904 alitangaza namna ya kuitengeneza ikadumu. Kabla yake, Romanowsky, daktari Mrusi, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1891 kwamba methilini buluu ikikutana na eosini huzaa rangi ya tatu, ya zambarau inayoelekea wekundu, ambayo hushika kiini cha kimelea na kukitenga na sehemu nyingine za seli. Tatizo lilikuwa kwamba mchanganyiko huo ulijitenga na kuzama chini muda mfupi baada ya kutayarishwa. Giemsa aliutuliza kwa gliseroli na methanoli, na mpaka leo mnunuzi anapoinusa chupa hii ni harufu ya methanoli inayompokea. Methanoli ni sumu na hushika moto upesi, kwa hiyo chupa ifunguliwe mahali penye hewa ya kutosha na mbali na mwale wowote wa moto.

Katika damu ya ng'ombe, rangi hii hufanya kazi kwa ufasaha unaonifurahisha kila mara. Chembe nyekundu za damu hubaki na wekundu hafifu, mwili wa kimelea huwa wa buluu, na kiini chake hujitokeza kwa wekundu wa zambarau. Babesia ni vimelea wanaoishi ndani ya chembe nyekundu za damu; Babesia bigemina huonekana kama mapeazi mawili makubwa yaliyokutana kwa ncha, yakitengeneza pembe kali. Babesia bovis ni ndogo zaidi, haizidi sana mikromita 2, na mapeazi yake hutawanyika kwa pembe pana. Tofauti hiyo ya pembe, ambayo mwanafunzi huiona kuwa jambo dogo, ndiyo inayomwezesha mtafiti kutenganisha spishi hizo mbili bila kifaa kingine zaidi ya hadubini na lenzi ya mafuta. Kwa Theileria parva, inayosababisha ndigana kali, damu pekee haitoshi: mtu achome tezi ya limfu iliyovimba kwa sindano, atandaze majimaji yake juu ya slaidi, na atafute skizonti, yaani hatua ya kimelea yenye viini vingi, ndani ya limfosaiti, ambazo ni chembe nyeupe za damu; skizonti hizo ndizo ambazo vitabu huziita vitone vya buluu vya Koch. Rangi dhaifu huzionyesha kama wingu lisilo na maana, ilhali rangi njema huonyesha viini vidogo vingi vilivyo dhahiri ndani ya ute wa buluu, na hapo shaka huondoka.

Tripanosoma, vimelea virefu vyenye mjeledi vinavyoogelea katika damu, nazo husomeka vizuri. Trypanosoma congolense ni fupi na kinetoplasti yake, yaani nukta ndogo ya DNA iliyo karibu na shina la mjeledi, hukaa pembeni mwa mwili, tena haina mjeledi ulio huru; Trypanosoma vivax ni ndefu zaidi, kinetoplasti yake ni kubwa na iko mwishoni kabisa. Ila napenda kusisitiza kwamba slaidi iliyotiwa rangi imekwisha kuua mwendo, na mwendo ni ushahidi. Ni vyema damu mbichi itazamwe kwanza, kisha rangi itumike kujua ni spishi ipi.

Upande wa panya ndipo nilipojifunza kuiheshimu rangi hii kwa namna nyingine, kwa kuwa huonyesha kila kitu, hata kile ambacho mtafiti hakukitaka. Panya wenye afya kabisa huwa na chembe changa nyingi za damu ambazo huchukua rangi ya kijivu cha buluu, na baadhi ya chembe zao hubeba mabaki ya kiini yanayoitwa vitone vya Howell-Jolly, ambavyo ni vya mviringo, vimekolea, na vinamwita kwa nguvu mtu anayetafuta Babesia microti. Niliwahi kuandika kwamba panya fulani ameambukizwa, nikarudia slaidi siku iliyofuata na kuona kwamba kile nilichokihesabu hakikuwa na ute wa buluu hata kidogo pembeni mwa kiini. Tangu siku hiyo nina kanuni moja: nukta isiyo na ute wa buluu si Babesia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Babesia microti wa kweli huwa pete ndogo, na mara chache hupangika wanne wanne kwa umbo la msalaba ndani ya chembe moja, na anayeuona msalaba huo haachi kuutambua tena. Kwa ng'ombe mtego unaofanana na huo ni Anaplasma marginale, ambayo ni bakteria wala si kimelea cha kundi hili: nukta nyeusi ukingoni mwa chembe, bila ute wowote.

Trypanosoma lewisi ya panya wakubwa, yenye ncha kali ya nyuma, hupokea rangi bila taabu. Vivyo hivyo Toxoplasma gondii, ambayo Nicolle na Manceaux waliigundua Tunis mwaka 1908 katika mnyama mgugunaji aitwaye gundi. Majimaji ya tumbo la panya wa maabara aliyeambukizwa yakitandazwa na kutiwa rangi huonyesha vimelea vya umbo la mwezi mchanga, vya buluu na vyenye kiini chekundu, kwa uzuri ambao picha za vitabuni haziutendei haki.

Sasa nirudi kwenye maji. Kwa vimelea vya damu, maji ya kuzimulia yanatakiwa yawe na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 7.2. Yakiwa na asidi zaidi, chembe za damu huwaka wekundu na viini vya vimelea hufifia. Yakizidi upande wa pili, slaidi nzima hugeuka buluu na kila kitu hufanana. Nimeona watu wakilaumu chupa, wakainunua nyingine, wakapata matokeo yaleyale, kwa sababu maji yalikuwa ya bomba. Mimi hutumia maji yaliyokenekwa yenye bafa, yaani chumvi zinazoizuia pH isibadilike, huzimua sehemu moja ya rangi kwa sehemu tisa za maji, huacha slaidi ambayo damu yake imekwisha kushikizwa kwa methanoli ikae ndani yake dakika 30, na rangi iliyozimuliwa huimwaga siku hiyohiyo, hata ikibaki nyingi.

Adui wa pili ni unyevu. Tone moja la maji likiingia kwenye chupa kuu, kwa mfano kupitia pipeti isiyokauka, rangi huanza kujitenga na kuacha machicha meusi juu ya slaidi, ambayo mtu asiye makini huyahesabu kuwa vimelea. Muuzaji mmoja aliwahi kuniletea chupa ambayo muhuri wake ulikuwa umelegea, na kazi ya wiki nzima ikaharibika kabla sijagundua. Sasa kila chupa mpya huipima kwa karatasi ya kuchujia: tone la rangi katikati, kisha matone machache ya methanoli juu yake. Rangi nzima hutawanyika na kuacha buluu katikati, duara la zambarau kulizunguka, na mstari mwembamba mwekundu wa eosini ukingoni. Zambarau au wekundu usipoonekana, chupa hiyo hairudi mezani pangu.

Mipaka yake ni ya kweli na haifai kufichwa. Ng'ombe aliyepona ambaye bado anabeba vimelea vichache sana anaweza kuonekana safi hata baada ya saa nzima ya kutazama, na hapo PCR, yaani kipimo cha maabara kinachozidisha DNA ya kimelea mpaka igundulike, haina mbadala. Babesia bovis hujificha kwenye mishipa midogo, hasa ya ubongo, kwa hiyo damu ya mshipa mkubwa wa shingo hudanganya. Ni heri kuchukua tone la ncha ya sikio au mkia. Cryptosporidium, kimelea cha utumbo cha ndama na cha panya, haihitaji chupa hii kabisa, bali rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa kwa ajili ya kinyesi. Lakini kuna faida moja ambayo wengi hawaijui: slaidi iliyotiwa Giemsa na kuhifadhiwa vyema inaweza kukwanguliwa miaka kadhaa baadaye na kutolewa DNA, hivyo slaidi ya zamani iliyoleta ubishi inaweza kuulizwa upya.

Kwa maabara yenye mtumiaji mmoja au wawili nashauri chupa ndogo ndogo kuliko moja kubwa, kwa sababu kila inapofunguliwa huvuta unyevu wa hewa. Iandikwe tarehe ya kufunguliwa, ichujwe kabla ya kutumika, na pipeti yake isiingizwe katika kitu kingine chochote.