Ioniq 6 na gari lenye betri kubwa kuliko yake

Nimeendesha magari mawili ya umeme, wiki moja moja: Hyundai Ioniq 6, na jingine refu kwenda juu ambalo sitalitaja. Hilo la pili lina betri kubwa zaidi, na mwanzoni ndilo nililolitaka.

Barabara kuu ikanibadilisha mawazo. Kwa mwendo wa 110, Ioniq ilikula kilowati-saa 16 kwa kila kilomita 100. Lile kubwa likala 24. Sasa piga hesabu: ukijaza kilowati-saa 48, la kwanza linakwenda kilomita 300, la pili 200. Umeme ni uleule! Umbo la chini, lililochongwa vizuri kupenya upepo, linaongeza hata kasi ya kuchaji, maana kila dakika kwenye chaja inakupa kilomita nyingi zaidi.

Kasi ya kuchaji iliyotangazwa nayo usiimeze nzima. Kwenye lile kubwa nilikaa nikichaji, nikitazama kioo cha gari kinachoonyesha kasi hiyo: kilowati 190, mara 140, mara 90, na betri haijafika hata nusu. Niliumia, kwa kweli. Kwa hiyo uliza muda wa kutoka asilimia 10 hadi 80. Ioniq, yenye mfumo wa volti 800 unaoruhusu kuchaji haraka, inatajwa kuwa dakika 18 kwenye chaja ya kilowati 350. Kwenye chaja dhaifu usitegemee hivyo.

Baada ya 80 chaji hupungua kasi kwa karibu kila gari. Mimi hapo huchomoa waya, nikaondoka.