CCI Quiet-22: risasi ya mtu mwenye majirani

Nianze na sauti maana ndo kitu wote mnaniuliza. Quiet-22 ni risasi ndogo ya .22 ya kampuni ya CCI. Ukiipiga kwenye bunduki ya bolti (ile unayovuta komeo kwa mkono kila risasi) yenye mtutu mrefu, mtu aliyekaa barazani kwako hasikii ule mlio aliouzoea, anasikia "tp" halafu anasikia risasi inaingia kwenye udongo, na mara nyingi ile ya kuingia udongoni ndo kubwa kuliko ile ya kutoka. Mara ya kwanza sikuamini, nikaitoa bolti nzima nikachungulia mtutu kwa nyuma nihakikishe risasi haijakwama njiani. Hilo hata hivyo ni la kufanya siku zote ukisikia mlio usiouelewa, usipige ya pili juu yake.

Kampuni yenyewe inadai kelele sikioni kwa mpigaji inapungua asilimia 75 ukilinganisha na .22 ya mwendo wa kawaida. Mimi sina mashine ya kupimia ila kwa masikio yangu siwabishii.

Hakuna uchawi hapo, ni baruti kidogo na mwendo mdogo. Sauti hewani inatembea kama futi 1,100 kwa sekunde, sasa risasi yoyote inayozidi hapo inapasua hewa na ule mpasuko unakwenda nayo njia nzima, hata ukifunga sailensa (kile kibomba cha kumeza mlio) mdomoni mwa mtutu mpasuko utausikia tu. Mini-Mag, risasi nyingine ya .22 ya kampuni hiyohiyo, ina uzito wa grein 40 (grein ni kipimo kidogo cha uzito wa risasi) na inatoka na futi 1,235. Quiet-22 ni grein 40 vilevile, inatoka na 710. Yaani haifiki hata karibu na mwendo wa sauti, kwa hiyo kinachobaki ni kale ka mlio ka baruti tu, na baruti yenyewe ni kiduchu na mtutu mrefu unaimalizia humohumo ndani.

Sasa kwa nini mtu aliyezaliwa Bongo anaandika habari za risasi za kimya. Mimi naishi kaskazini ya Houston, Texas, ukishika barabara ya 59 unauacha mji unaingia kwenye misonobari, huko ndo tulipata kaeneo baada ya kuchoka na kodi za apatimenti. Naona Wabongo na Wakenya wengi siku hizi wanafanya hivyohivyo, ekari tano, ekari kumi, mbuzi wawili watatu, bustani ya mchicha na matembele, na baada ya muda kila mmoja anaanza kuwaza bunduki kwa sababu huku ni kitu cha kawaida mno. Kwa sisi tuliolelewa kijijini ni ajabu kidogo. Nyumbani ukisikia mlio usiku unajua ama mtu na gobole lake anafukuza nguruwe shambani ama kuna majambazi, na mchana kweupe ukianza kupiga makopo nyuma ya nyumba yako mwenyekiti wa kitongoji anafika na mgambo kabla hujabadilisha kopo. Mara ya mwisho mimi kupiga shabaha kabla ya kuja huku ilikuwa renji ya JKT, tumelala kifudifudi, afande anapiga kelele kuliko SMG zenyewe.

Huku hakuna afande. Ni wewe, mpaka wako, na majirani ambao wengi wao hawatakwambia kitu hata kama unawakera.

Na kuna sababu hawakwambii. Mji wa Cleveland upo njia hiihii ya 59. Aprili 2023, kwenye mtaa mmoja nje ya mji huo, jamaa alikuwa anapiga bunduki uani kwake usiku, majirani wakamwomba aache au asogee mbali maana kuna mtoto mchanga anajaribu kulala. Jamaa akabeba bunduki akaingia kwao akaua watu watano, mmoja wao mtoto wa kiume wa miaka 9, wote walikuwa na asili ya Honduras. Polisi walimsaka siku kadhaa ndo wakamkamata. Watu wa eneo hili hawajasahau, sasa fikiria mama wa nyumba ya pili anakusikia unapiga, hakujui, lafudhi yako ngeni, atakuja kugonga mlango akwambie punguza? Haji. Atapiga simu kwa sherifu au atakaa kimya akuchukie. Ndo maana nasema mwenye bunduki ndo aende kwanza kwa jirani, asisubiri jirani aje kwake.

Mimi nina majirani wawili wa karibu. Upande wa magharibi ni mzee mmoja mwenye farasi, mtu wa makamo ya juu kabisa, namwita Mista hata yeye anacheka. Upande wa pili dada mmoja nesi anafanya naiti, na hapa sihitaji kuelezwa, nusu ya Waswahili wa Texas tunafanya naiti kwenye nyumba za wazee, tunajua usingizi wa saa nne asubuhi ulivyo mtamu na tunajua hasira ya mtu aliyeamshwa na mashine ya kukatia nyasi. Nilienda kwa wote wawili na sahani ya maandazi, mke wangu ndo alinilazimisha, kanambia "Baba Neema, huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu ukaongelea bunduki." Kweli bana. Tukapeana namba. Mzee akasema farasi hawana shida na .22 ila vishindo vikubwa vinawafanya wakimbilie fensi na wanajikata. Dada nesi akanipa siku zake za kulala, na hizo siku sipigi kitu kingine zaidi ya hizi Quiet.

Matokeo ni kwamba nilipomuuliza dada kama alinisikia asubuhi fulani, akaniuliza, ulikuwa unapiga leo? Mimi hapo boksi lilikuwa limeshalipa.

Linganisha na ile wikiendi shemeji alikuja na rafiki zake kutoka Dallas, wamebeba bunduki za AR na yale makopo ya unga unaolipuka ukiyapiga. Aisee. Sikuwepo mchana huo, nilikuwa kazini, meseji ya mzee ilinikuta kwenye parking. Ule unga ukilipuka sio kelele tu, kifua kinatikisika na madirisha ya watu wa mbali yanatetemeka, na hakuna tuta wala mti unaozuia hiyo kitu. Kwangu imepigwa marufuku, shemeji hata akinuna.

Sasa kasoro, maana sio kila kitu asali.

Bunduki za semi-oto, mfano Ruger 10/22 ambayo ndo imejaa kila nyumba huku, kwa kawaida hazijipakii zenyewe na hii risasi, haina nguvu ya kusukuma bolti kurudi nyuma. Itapiga moja halafu unavuta kwa mkono. Kwa mtu anayefundisha mtoto hiyo ni faida, mtoto hamwagi risasi ovyo, ila kama ulitaka ta-ta-ta utakereka. Wana toleo lingine limeandikwa Semi-Auto, grein 45 na futi 835 kwa sekunde, hilo ndo la kwenu wenye 10/22, lina mlio zaidi kidogo lakini bado liko chini ya mwendo wa sauti.

Pili inadondoka sana. Ukiiweka sawa kwa yadi 50, ukisogeza tageti hadi yadi 100 risasi inapita chini kwa zaidi ya futi moja. Mimi napiga yadi 25 hadi 50 basi, na umbali huo inaweka matundu karibu karibu vizuri tu. Usinunue hii ukitegemea kuonyesha watu umbali.

Bei iko juu ya zile .22 za kununua fungu kubwa kwenye ndoo. Haiumizi, ila ukiwa na vijana watatu wa kufundisha utaona.

Halafu la nne ndo nataka mlisome taratibu. Kimya sio upole. Watu wakisikia "tp" wanaanza kuichukulia kama toi, na nimeona video watu wanapiga .22 za polepole kwenye chupa zilizowekwa juu ya fensi na nyuma ni mbingu tupu. Maboksi ya .22 yanaonya hatari hadi maili moja na nusu. Hii ya 710 haitafika mbali kama zile za kasi, lakini kwa jirani aliye mita 200 hiyo tofauti haimsaidii chochote. Na tena risasi iliyotengenezwa kwa madini ya risasi (lead) tupu inayokwenda polepole ina tabia mbaya ya kudunda, maji, jiwe, ardhi ngumu ya kiangazi, haisambaratiki kama ya kasi, inabonyea na kuondoka na njia yake. Kwenye chuma hivyohivyo, inaweza kukurudia ikiwa nzima. Kwa hiyo miwani lazima hata kama masikio hayaumi, chuma kiinamishwe kwa mbele ili vipande viende chini, na mimi mwenyewe na hizi Quiet nimeacha chuma, napiga karatasi tu.

Nyuma ya karatasi kuna tuta. Hapa ndo hela halisi ilipokwenda, risasi ni senti ukilinganisha. Nilikodi katapila dogo na jamaa wa kuliendesha, akakusanya udongo wa kichanga, tukachambua mawe na mizizi yote upande wa mbele, tuta likapanda juu kuliko kichwa cha mtu na pembeni limekunja kidogo. Udongo wa mashariki ya Texas ni kichanga, mzuri sana kwa hii kazi, nyie wa upande wa Dallas wenye udongo mweusi mtapata shida, ukikauka unapasuka na kuwa mgumu. Tuta liangalie upande ambao nyuma yake hakuna nyumba wala barabara, usije ukaanza na sehemu yenye kivuli kizuri halafu ndo utafute tuta. Na lisiwe karibu na kisima au kijito, maana risasi ni madini ya sumu, inakaa humo udongoni, kila baada ya muda unachekecha unaitoa. Mzee wa farasi alikuja kuliangalia, akalizunguka, akapiga teke, akasema sawa. Hilo tuta lilimtuliza kuliko maandazi na kuliko risasi za kimya.

Sheria kwa ufupi maana naulizwa. Nje ya mipaka ya mji Texas wako huru sana, ila kaunti inaruhusiwa kuzuia au kuweka masharti kwenye viwanja vya ekari 10 kushuka chini vilivyomo kwenye sabdivisheni (eneo lililokatwa viwanja vya kuuza), kwa hiyo kabla hujanunua kiwanja kwa ndoto za shabaha piga simu kaunti na soma masharti ya mtaa. Na ukipiga kwa kujifurahisha huku ukijua risasi inavuka mpaka kwenda kwa mwingine, ni kosa, labda pande zote ziwe zako au mna makubaliano ya maandishi. Na ndugu zangu mlio huku na viza za muda, za shule na kadhalika, sheria ya shirikisho kwa kawaida haikuruhusu kushika bunduki wala hata boksi la risasi, isipokuwa vitu vichache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Asiye na makaratasi ndo kabisa asisogee, hata kwenye tuta la rafiki, inaweza kukuondoa nchini.

Wengine wanasema kwa nini usinunue sailensa tu. Ni kweli tangu Januari 2026 ile kodi ya dola 200 iliyokuwepo toka sheria ya 1934 imeshushwa hadi sifuri, lakini kujisajili serikalini kuko palepale, alama za vidole, picha, kusubiri, halafu sailensa yenyewe bado ni mamia ya dola na bado utahitaji risasi za polepole ili uone faida yake. Quiet-22 unaingia dukani unatoka nayo. Kama una sailensa tayari, CCI Standard Velocity ya futi 1,070 itakutosha na hutakuwa na tatizo la kudondoka kiasi hiki.

Nyota nne. Ya tano ningeitoa kama zisingekuwa zinapotea madukani kila mtu akianza kufukuza kuchakuro bustanini kwake.

Na jambo la nguruwe pori, kwa sababu hata mzee wa farasi aliniuliza, wanamchimbia malisho usiku akataka nimuazime boksi amalizane nao kimyakimya. Hapana. Nguvu ya hii risasi inapotoka ni kama theluthi ya Mini-Mag, na hata Mini-Mag sio ya nguruwe, utamjeruhi tu aende kufia kwenye kijito cha mtu au akugeukie wewe. Mwenye nguruwe atafute mtego wa boma au mtu mwenye bunduki ya maana, na siku hiyo tuwapigie simu majirani wote mapema.