Gitaa la besi kwenye shughuli tulivu: amplifaya ndogo au DI?

Kwa harusi ya bustanini hapa Moshi, ambako wageni wanataka kuongea, sibebi tena spika kubwa. Kisanduku cha DI, kile cha kuunganisha besi moja kwa moja na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), kinaenea kwenye mfuko wa begi na kinapeleka sauti safi hata waya ukiwa mrefu. Ila hapo umejikabidhi kwa fundi mitambo. Asipokuwekea monita (spika inayokuelekea wewe mpigaji), unapiga bila kujisikia.

Amplifaya ndogo ya besi, Fender Rumble 40 (wati 40, spika ya inchi 10, kilo 8 hivi) naipakata kwenye bodaboda. Uzi wa E, ule wa sauti ya chini kabisa (mitetemo 41 kwa sekunde), hautoki mnene, kweli. Lakini naiweka juu ya kiti, ielekee masikioni, na mpiga ngoma ananisikia vizuri. Mimi naichagua hiyo.