Mhariri wa Tabata: huduma niliyoitumia kwa kumbukumbu za Baba

Kama una mzazi aliyeandika maisha yake na unafikiria kuyapeleka moja kwa moja kwa mchapaji, subiri kwanza. Pesa ya kwanza mpe mhariri. Mimi nilimpa dada mmoja wa Tabata aliyewahi kufanya kazi kwenye nyumba za uchapishaji, sasa anahariri akiwa kwake. Kazi yake naiweka juu ya kila kitu kingine tulicholipia mpaka kitabu kikatoka. Jina lake siliandiki kwa sababu anafanyia nyumbani na hataki kujaa wageni. Anapatikana kwa kuelekezwa na mtu aliyewahi kumtumia.

Baba ni mtu wa Njombe. Aliingia kwenye ujenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, akiwa kijana, akabaki relini mpaka alipostaafu, na tangu hapo anaandika kwa kalamu ya bluu kwenye kaunta buku. Tulipeleka kuchapwa steshenari kwa shilingi 1,000 ukurasa, zikatoka kurasa 142 za A4. Dada anatoza shilingi 4,000 kwa ukurasa, nusu kabla ya kuanza, nusu ukichukua kazi. Najua kuna wanaofanya kwa bei ya chini ya hapo. Nilimpelekea mmoja wao sura moja ya majaribio, ikarudi na koma zilizohamishwa na maneno kama "aidha" na "hata hivyo" yaliyochomekwa kila aya, Baba akawa anasikika kama taarifa ya wizara. Sikuendelea naye.

Huyu wa Tabata anafanya hivi. Anasoma kazi yote mara moja bila kuandika chochote. Anasoma tena akiwa na penseli, na safari hii hasahihishi, anauliza. Ukurasa wa 31 Baba alikuwa ameandika: "Mwaka 1972 tulikuwa kambini upande wa kupanda Makambako. Kazi ilikuwa ngumu na mvua zilikuwa nyingi. Tulipata shida sana lakini tulimshukuru Mungu." Pembeni yake kukawa na penseli: Shida gani? Mlilala wapi? Nani alipika? Mvua ikinyesha usiku, simenti mliiweka wapi?

Akaja mwenyewe Yombo, akaketi na Baba barazani, simu ikirekodi mezani. "Mzee, shikamoo. Leo sikusahihishi, nimekuja kusikiliza tu." Baba, ambaye kwa watu wa ofisini huwa na maneno machache, alizungumza mpaka chai ikapoa mara mbili. Aya ile sasa inasomeka hivi:

"Mvua ikianza usiku tulikuwa tunaamka wote. Tunafunika simenti kwanza kwa turubai, halafu ndiyo magodoro. Asubuhi aliyeamka mkavu alikuwa mpishi peke yake, kwa sababu jiko ndilo lililokuwa na bati."

Kila neno hapo ni la Baba. Dada aliuliza, akasikiliza, akachagua, akaondoa "shida sana" kwa kuwa haikuwa na kazi tena. Nimeishi na Baba maisha yangu yote na habari ya mpishi sikuwahi kuisikia.

Mahali pengine Baba aliandika kwamba daraja la Mto Mpanga lilikuwa "la juu sana". Nguzo za daraja lile zina urefu wa mita 50, na mimi nilidhani tutaongeza hiyo namba tu tuendelee. Dada akakataa. Alitaka kujua Baba alifanya nini siku ya kwanza alipopita juu yake. Jibu: alivua viatu, akavining'iniza shingoni kwa kamba zake, akavuka peku ili azihisi mbao. Mita 50 zimo pia, lakini zinakuja baada ya viatu.

Wakati huohuo tarakimu anazikagua bila huruma. Baba alikuwa na uhakika kwamba reli ina kilomita elfu mbili. Dada akazungushia duara: ni 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Pale ambapo kumbukumbu ya Baba inapishana na kilichoandikwa, anaacha Baba aseme anavyokumbuka, kisha anaweka tarehe sahihi kwenye sentensi inayofuata. Nilipenda heshima ile. Mzee hakudhalilishwa, na msomaji hakudanganywa.

Ugomvi wa kweli ulikuwa kwenye mwanzo. Madaftari yanaanza na ukoo: babu, baba wa babu, na koo walizooa, kurasa saba nzima. Dada akataka kitabu kianze asubuhi Baba alipoondoka Njombe na begi la kuazima. Baba akakasirika. Wazee hawawezi kuwekwa nyuma ya begi.

"Mzee, babu zako hawaondoki," akamwambia. "Wanaingia ukurasa wa tisa, msomaji akishakupenda. Ukimpa majina ishirini hajakujua wewe, atayaruka, na hiyo ndiyo itakuwa kuwadharau."

Baba alinyamaza siku kadhaa, kisha akasema sawa, ila orodha kamili ya ukoo iwekwe mwishoni, ukurasa wake peke yake, kwa herufi kubwa. Ikawekwa. Wajukuu wanaanzia huko kusoma, wanatafuta majina yao.

Kasoro zipo. Anasahihisha kwenye karatasi tu, kwa mkono, na mwandiko wake ni mgumu kusomeka. Kuingiza marekebisho kwenye kompyuta ni gharama yako na macho yako. Ana wateja wengi kuliko muda, kwa hiyo kila tarehe aliyotupa iliteleza. Na picha hazigusi kabisa: maelezo ya chini ya picha tuliyaandika wenyewe, na yanaonekana hivyo.

Alichotuongezea bila malipo ni ushauri wa njia nzima, na huo peke yake ungetosha kulipia. Kwanza alituambia tusipoteze miezi kuzungusha mswada kwa wachapishaji wakubwa wa hapa mjini, kwa sababu soko lao kubwa ni vitabu vya shule, na kumbukumbu za mfanyakazi asiyejulikana haziwezi kuwalipa. Nilimuuliza kuhusu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Akasema ile ni ya kazi za kubuni. Ukiwa na riwaya au diwani usiache kupeleka, lakini hii ya Mzee si mahali pake.

ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, akasema ichukuliwe Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kabla dizaina hajafunga kazi ya kava. Tarakimu zake 13 na msimbo wake wa mistari vinakaa kava la nyuma, na ukichelewa unalipia kava mara ya pili. Kuhusu hakimiliki alinitoa hofu: kwa sheria yetu ya mwaka 1999 kazi inalindwa tangu ilipoandikwa, katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni kujiwekea ushahidi. Ila picha aliyopiga mtu mwingine ni mali ya aliyepiga, hata kama wewe ndiye uliyesimama katikati, kwa hiyo tulimtafuta mwenye zile mbili za stesheni tukaomba ruhusa kwa maandishi.

Mchapaji sitamtaja. Tulichapa nakala 200 za A5, karatasi ya gramu 80, kava gumu kiasi lenye laminesheni, kwa shilingi 9,000 nakala moja. Dada alikuwa ametuonya tusilipe yote mpaka tushike nakala moja ya sampuli mkononi, tuifungue katikati mpaka ilale. Sampuli ilipokuja, maneno ya upande wa ndani yalikuwa yamemezwa na gundi. Nafasi tupu ya pembeni upande wa ndani, penye gundi, ilikuwa sawa na ya nje. Wakaongeza milimita kadhaa, kurasa zikaongezeka, mgongo ukanenepa, kava likapimwa upya. Kama zingekuwa zimeshachapwa zote 200, sijui nani angezilipia.

Kwa anayetaka kumtumia: hachukui riwaya wala mashairi. Anachukua kumbukumbu, historia za familia na za taasisi ndogo, hasa mwandishi akiwa bado hai na anaweza kuulizwa. Peleka kazi iliyochapwa, mistari iachane mara mbili, upande mmoja wa karatasi, kila ukurasa na namba yake. Mbele yangu alimrudisha kijana aliyekuja na karatasi zisizo na namba. Na usimpigie baada ya magharibi. Tuma ujumbe, atakujibu asubuhi.