Gereji iliyotaka kunikatia bomba zima kwa ajili ya sensa moja

Niwatendee haki kwanza: kwenye umeme wa gari, vijana wa gereji hii ya Nyakato, Mwanza, wako vizuri. Taa ya injini ilikuwa inawaka na mafuta yanaisha haraka. Wakachomeka mashine, wakaniambia ni oksijeni sensa ya mbele, ile inayofungwa kwenye bomba la ekzosi kabla ya masega, yaani kile kisafisha moshi kilichoungwa kwenye bomba hilo hilo. Walipatia, na hawakunibambikia vitu vingine. Kwa hilo nyota nne ningewapa.

Kazi ya kuifungua ndiyo iliyonitibua. Sensa ilikuwa imeshikwa na kutu, haigeuki. Kijana akaja na spana namba 22 ya kawaida, akaanza kuigonga na nyundo, injini ya baridi, bila hata kupulizia mafuta ya kulegeza kutu. Nimesimama pembeni naiona spana inateleza na kula pembe za sensa, anagonga tena, inateleza tena, mpaka pale pa kushika pakawa duara. Akakata waya, akajifuta mikono. "Dada, hii haitoki. Tukate bomba tuweke jingine, hili la zamani utatuachia sisi."

Tuwaachie kwa lipi? Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa masega yaliyotumika wapo. Fundi anayekimbilia kukata bomba kabla hajajaribu kuilegeza sensa kwa moto, halafu anataka abaki nalo, mimi simwelewi vinginevyo.

Nikamuuliza mbona hajajaribu moto. Akanijibu, "Mpigie shemeji niongee naye, wewe hutaelewa." Gari ni langu. Kadi ina jina langu, mafuta naweka mimi, bima nalipa mimi. Mkubwa wake alikuwa amekaa hapo hapo kwenye benchi, kasikia kila kitu, akacheka. Kijana ningeweza kumwacha apite. Kicheko cha yule mtu mzima ndicho kilichoniandikisha haya.

Eti pia ni "kutu ya ziwani, magari ya huku yote hivi". Si kweli! Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari. Haya magari tunaagiza yakiwa yameshatumika Japani, na kule kwenye theluji barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi. Hiyo ndiyo inayotafuna chuma cha chini. Ongeza ekzosi inayopata moto mkali na kupoa kila ukiwasha na kuzima, nyuzi za sensa na za bomba lazima zing'ang'aniane.

Nikaliondoa gari, nikaenda Igoma kwa mzee mmoja mchomeleaji. Shikamoo, marahaba mwanangu, akaingia chini ya gari. Hakuuliza mume wangu yuko wapi. Akaelekeza moto wa gesi kwenye ile nati iliyochomelewa kwenye bomba, akiikwepa sensa yenyewe, kwa sababu chuma cha nje kikipata moto kinatanuka na kuachia kilicho ndani. Kilipoiva kikawa chekundu, akaikamata sensa kwa paipu renchi, akaigeuza kidogo, akairudisha, akaigeuza tena. Ikalia kwa ukali, unga wa kutu ukamwagika, ikatoka. Akapitisha tepu ya milimita 18, kile chuma cha kuchongea nyuzi, kuzisafisha. Sensa mpya akaipaka grisi ya shaba kwenye nyuzi tu, akanionyesha kwamba isifike kwenye ncha maana itaiharibu, akaizungusha kwa mkono hadi ikakaa ndipo akashika spana. Bomba zima, masega yangu yapo, taa imezima.

Labda nawaonea kidogo. Labda hawana ile soketi yenye mwanya wa kupitisha waya, na kukosa kifaa ningekuvumilia, mafundi wengi wanahangaika hivyo. Lakini kusema "haitoki" wakati hujajaribu? Kuniagizia shemeji kwenye gari langu mwenyewe? Hapana. Zile nyota nne nazifuta, nabakiza moja ya kipimo cha mashine, na hata hiyo naitoa kwa shingo upande.

Ukilazimika kwenda pale, usikae kwenye kivuli kusubiri kuitwa, simama karibu na gari. Wakikukatia bomba, lile la zamani lipakie kwenye buti kabla hujalipa.